Oili ya Gari la Babu

Kila Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado halijapasha mabati ya gereji, Cheche alikuwa ameshafagia sakafu, ameshapanga spana kuanzia ndogo hadi kubwa, na ameshaanza kuuliza kazi inayofuata. Cheche halikuwa jina lake la shuleni. Alipewa na watu wa nyumbani kwa sababu hakujua kutulia. Akiketi, mguu unacheza. Akila, jicho liko mlangoni. Akiambiwa jambo, huitikia kabla msemaji hajafika katikati.

Gereji ilikuwa ya mama yake, nayo iligawana ukuta mmoja na nyumba yao, hata jikoni kulinuka petroli kidogo. Mama alikuwa fundi wa magari aliyejulikana mtaani kote. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kitambaa chake cha kufutia mikono kilikaa begani siku zote, na alizoea kusikiliza injini huku amefumba macho, kama mtu anayesikiliza siri.

Katika kona ya ndani kabisa liliegeshwa gari la Babu. Lilikuwa gari la zamani la rangi ya maziwa, lenye taa za mviringo na mlango wa nyuma usiokubali kufungwa mpaka upigwe nyonga. Babu alilifanyia kazi ya teksi ujana wake wote, na Mama alijifunza kushika spana kwa kulitengeneza. Sasa macho ya Babu yalikuwa yamefifia na hakuendesha tena, lakini kila jioni alilifuta vumbi kwa fulana kuukuu.

Babu alikuwa na dada yake mkubwa aliyeishi juu mlimani. Bibi huyo miguu ilikuwa imemwisha nguvu, hakuweza kushuka. Mara ya mwisho familia ilipojaribu kupanda kwenda kumwona, gari lilichemka katikati ya mwinuko likatoa mvuke kama birika, wakashuka wote kulisukuma, kisha wakarudi nyumbani wakiwa na vumbi mpaka masikioni. Tangu hapo ndugu hao wawili walisalimiana kwa simu tu, tena kwa kupiga kelele, maana kila mmoja aliamini mwenzake hasikii.

Ndipo Mama alipoamua kuiongezea nguvu injini ya gari lile. Aliifungua yote. Akaweka kabureta mbili za kuchanganya petroli na hewa mahali pa moja, akatia springi ngumu zaidi kwenye vali, vile vimlango vya kuingizia na kutolea hewa, na akaagiza kamshafti mpya. Kamshafti ni ule mtaimbo wa chuma wenye nundu unaozunguka ndani ya injini na kusukuma vali zifunguke kwa zamu. Ya gari la Babu haikuuzwa popote. Ilichongwa kwa vipimo na fundi mmoja mzee, naye baada ya kuimaliza aliuza mashine zake akaacha kazi. Mama aliileta nyumbani ameiviringisha kwenye taulo kama mtoto mchanga.

Jumamosi hiyo injini ilikuwa imekwisha kufungwa. Ilibaki oili tu. Jioni Mama angeiwasha kwa mara ya kwanza, na kesho yake wangempeleka Babu kwa dada yake.

Mama alikuwa amelala chini ya pikapu ya mteja, miguu yake tu ikionekana, alipomwita Cheche amtume dukani. Akamwambia anunue oili nzito ya injini za zamani, namba ishirini-hamsini. Cheche alikuwa ameshaanza kufunga kamba za viatu. Mama akaendelea kueleza kwamba dukani kuna aina nyingi, kwamba aangalie kama imeandikwa ina zinki, na kwamba asikubali kupewa ile nyepesi ya magari mapya. Maneno hayo ya mwisho hayakumkuta mtu. Cheche alikuwa amesema, "Nimeelewa, Mama," naye yuko barabarani.

Njiani alikutana na binamu yake waliyemwita Profesa, kijana wa rika lake aliyesoma habari za magari kwenye simu ya kaka yake na kuzihubiri kwa yeyote aliyesimama. Profesa alipoambiwa safari ni ya kununua oili ya gari lililoongezwa nguvu, aligeuza njia akamfuata.

Muuzaji alikuwa baba mmoja mtaratibu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliitikia salamu yao, akaweka madumu mawili juu ya kaunta. La kwanza lilikuwa jeusi, halina pambo lolote. La pili lilikuwa la rangi ya fedha, na juu yake palichorwa gari la mashindano likiruka kona.

"Jeusi ni nzito, ishirini-hamsini," muuzaji alieleza. "Hili jingine ni nyepesi, sifuri-ishirini. Gari lenu ni lipi?"

Cheche akasema ni la zamani, ila injini imeongezwa nguvu. Muuzaji akataka kujua kama kamshafti yake ni ile ya kusuguana na tapeti, vile vipande vya chuma vinavyokaa kati ya nundu na vali, au ile yenye vigurudumu. Cheche hakujua. Alihisi macho ya Profesa shingoni mwake.

"Hiyo nzito ni ya matrekta," Profesa alimnong'oneza kwa sauti ambayo duka zima liliisikia. "Gari limetiwa kabureta mbili, halafu ulinyweshe uji?"

Muuzaji aliinua simu yake, akamuuliza Cheche kama ampigie mama yake kuhakikisha. Hapo ndipo mambo yangeweza kunyooka. Lakini Cheche hakutaka kuonekana mtoto anayepigiwa simu kwa mama yake mbele ya Profesa. Tena kichwani alikumbuka kuna ishirini, na ishirini aliiona palepale kwenye dumu la fedha. Hamsini hakuiona, akajiambia haiwezi kuwa jambo kubwa.

"Hakuna haja," alisema. "Mama ameniambia kila kitu. Ni hili."

Aliporudi gerejini, miguu ya Mama ilikuwa palepale chini ya pikapu. Mama alimuuliza bila kutoka.

"Ndiyo yenyewe niliyokutuma?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi imimine taratibu. Mimi nina nati hapa inanitoa jasho, nikiiachia nitaanza upya."

Cheche akafungua boneti, akaweka faneli, akamimina. Alikuwa amemwona Mama akimimina oili mara nyingi, nayo hushuka polepole, nene, kama asali. Hii ilishuka kama maji ya kunywa. Mkono wake ukasita. Kisha akamaliza, akasokomeza dumu tupu nyuma ya matairi makuukuu, na hakujua kwa nini hakuliacha mezani kama kawaida.

Wakati wa chakula cha mchana Babu alikuwa na furaha isiyokaa kwenye kiti. Koti lake la safari lilikuwa limepigwa pasi na kutundikwa mlangoni. Alimpigia dada yake simu mbele ya sahani, akamtangazia kwamba kesho wanakuja. Sauti ya bibi ilisikika meza nzima. "Umekuwa ukisema kesho tangu wajukuu wako hawajaota meno," alisema. Babu akacheka mpaka akapaliwa.

Alipotulia, alimuuliza Mama kwa nini injini isiwashwe tu kama zamani, mtu anatia oili yoyote na kuondoka. Mama akaweka kijiko chini. Akasugua viganja vyake vikavu mbele ya Babu, vikatoa sauti. Akaeleza kwamba ndani ya injini ile nundu za kamshafti zinasuguana na tapeti hivyohivyo, na springi mpya zinazikandamiza kwa nguvu kuliko zamani. Nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua kila kitu, maana vyuma hivyo ni vigeni, bado havijazoeana. Vikipata oili nzito yenye zinki, vinalainishana na kudumu miaka. Vikipata oili nyepesi ya magari ya kisasa, inasukumwa pembeni na chuma kinaanza kula chuma.

"Ile nyepesi si mbaya," Mama alimalizia. "Injini mpya zina vigurudumu mahali pale, hazisuguani. Hii yetu inasugua. Kamshafti ikiliwa, Baba, hatupati nyingine."

Cheche akalirudisha tonge sahanini. Akaomba ruhusa ya kuinuka.

Alimkuta Profesa ameketi juu ya ukuta wa nyumba ya jirani. Alimsimulia huku akitembea huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia. Profesa akaitoa simu, akasoma, akasoma tena. Uso wake ukabadilika. Akamuuliza kwani mama yake alimwambia nini hasa kuhusu oili.

"Sikumsikiliza mpaka mwisho," Cheche alijibu.

"Kamwambie sasa hivi."

"Nimeshamwambia ndiyo yenyewe. Nikigeuka sasa atajua nilimdanganya."

Profesa alishuka ukutani upande wa pili. "Mimi leo sikwenda dukani," alisema, akatokomea.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Cheche alipanga spana zilizokwisha kupangwa. Alifagia palipofagiwa. Kila Mama alipochukua hatua kuelekea kona ya gari la Babu, ufagio ulisimama, na kila alipogeuka kurudi kwenye pikapu, ulianza tena. Alijua la kufanya, na kila alipofungua mdomo alimwona Mama akiinua uso na kumwangalia kwa macho yale ya kumwamini, akaufunga. Mwishowe akapata wazo ambalo lilionekana jema kwa sababu halikuhitaji kusema. Kama gari halitawaka leo, atapata muda. Kesho alfajiri atakwenda dukani, atabadilisha oili mwenyewe, na hakuna atakayejua. Mama alipoingia ndani kunywa maji, Cheche aliinama chini ya boneti, akachomoa waya mmoja wa koili, ule unaopeleka umeme kwenye plagi, akautia mfukoni.

Alasiri Mama alivaa ovaroli safi. Babu akaletewa stuli, akaketi karibu kabisa na taa za mbele, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Mama akageuza ufunguo.

Stata ikanguruma, injini ikazunguka, haikuwaka.

Mama akaangalia petroli. Ilikuwapo. Akajaribu tena. Injini ikazunguka kwa uchovu, ikanyamaza. Babu akasema labda limesahau namna ya kuamka. Mama akajaribu mara nyingine, kisha akatoka ndani ya gari, akasimama ameweka kiganja juu ya boneti.

"Siwezi kuendelea kupiga stata," Mama alimwambia Babu kwa sauti ya chini. "Kamshafti niliipaka grisi kwa vidole vyangu, ili iilinde mpaka injini iwake. Kila tunapozungusha bila kuwaka, grisi inafutika. Ikiisha, tutaimaliza kamshafti kabla hata ya kusikia mlio."

Cheche alidhani amelinda gari kwa ule waya. Kumbe kila mngurumo wa stata ulikuwa unafuta grisi, na aliyekuwa anaifuta ni yeye.

"Nitajaribu mara moja tu," Mama alisema. Akaingia ndani, akashika ufunguo.

"Mama, usiwashe."

Mama akamtazama kupitia kioo. Cheche aliingiza mkono mfukoni, akautoa waya. Miguu yake, iliyokuwa haijui kusimama, sasa ilikuwa imegandia sakafuni.

"Waya niliutoa mimi," alisema. "Nilitaka lisiwake. Oili niliyotia si ile uliyonituma. Niliondoka kabla hujamaliza kuniambia. Muuzaji alitaka kukupigia simu, nikakataa. Halafu uliponiuliza nikakujibu ndiyo."

Cheche alingoja kufokewa. Mama aliondoa ufunguo, akaomba aletewe dumu. Cheche akalitoa nyuma ya matairi. Mama akasoma maandishi, akalifuta vumbi kwa kitambaa chake, akaliweka mezani.

"Lete taa," alisema. "Tutaangalia imebaki nini."

Kazi iliyofuata Cheche hakuisahau. Mama alitoa tena vifuniko alivyovifunga kwa wiki nzima, akachomoa tapeti moja baada ya nyingine, akaipitishia kila moja ukucha wake kutafuta mkwaruzo. Cheche alishika taa. Alijikaza ili mwanga usicheze. Huku nyuma, mlangoni, Babu alikuwa anampigia dada yake simu. Cheche aliusikia ukelele wa bibi, kisha sauti ya Babu, safari hii ya chini.

"Hapana, si kesho," Babu alisema. "Si ugonjwa. Kuna fundi mmoja huku anajifunza kazi, inabidi tumsubiri."

Machozi yalimtoka Cheche, na hakuweza kuyafuta kwa sababu ya taa.

Tapeti ya mwisho grisi yake ilikuwa karibu kwisha. Mama alipitisha ukucha, akarudia, akaielekeza kwenye mwanga. Akavuta pumzi ndefu. "Haijakwaruzika," alisema. "Ningepiga stata mara moja tena, nisingeweza kukuambia hivyo."

Jumapili, Babu alishinda na koti lake limetundikwa mlangoni. Mama na Cheche walimwaga oili yote ile nyepesi. Haikufaa tena kutiwa gari lolote kwa kuwa ilikuwa imechanganyika na grisi, basi wakaitenga ya kupaka bawaba na minyororo ya baiskeli. Wakapaka kamshafti grisi upya. Kisha Mama akamtuma Cheche dukani tena, lakini hakutangulia kueleza. Cheche ndiye aliyekaa chini, akauliza, na akarudia alichoelezwa mpaka mwisho, pamoja na sababu yake. Dukani alimwambia muuzaji wazi kwamba jana hakujua, akajifanya anajua. Muuzaji alirekebisha miwani yake akasema wateja wazima wenye ndevu hufanya hivyo kila wiki, ila huwa hawarudi kusema. Nje ya duka Profesa alikuwa anasubiri, kichwa ameinamisha. Alilibeba dumu jeusi mpaka nyumbani bila kuombwa, na mlangoni kwa Mama akakiri kwamba naye alikwenda dukani jana na maneno ya matrekta yalikuwa yake.

Jioni hiyo injini iliwaka kwa mara ya kwanza kabisa, kwa mngurumo uliotikisa mabati. Ilipasa izungushwe kwa kasi ileile kwa nusu saa, bila kushuka wala kupanda, na Mama alimkabidhi Cheche kanyagio la mafuta. Akamwonyesha mahali mshale wa kasi ya injini unapotakiwa kukaa. Cheche aliketi kwenye kiti cha dereva, mguu umekaza, jicho kwenye mshale, jasho likimtiririka. Hakujikuna hata pua ilipomwasha. Mama alisimama nje amefumba macho, anasikiliza. Nusu saa ilipokwisha aliyafumbua, akaitikia kwa kichwa.

Jumapili iliyofuata gari la rangi ya maziwa lilitolewa nje. Babu alikuwa ameshaketi mbele na koti lake. Mama akashika usukani, akamuuliza Cheche kupitia dirishani kama amepima oili asubuhi ile.

Neno "ndiyo" lilimpanda Cheche mpaka kwenye meno. Wote walikuwa wameshaketi, na safari ilikuwa imechelewa wiki nzima.

"Bado, Mama. Nilisahau. Nisubirini."

Akafungua boneti, akavuta kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena. Oili ilikuwa nzito, safi, mahali pake. Akamwonyesha Mama.

Mama hakukitazama kijiti. Alimtazama yeye.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Injini ikishafungwa, mimi sioni ndani, hata ningekuwa na macho manne. Ninachojua ni kile alichoniambia mwenzangu aliyeifunga. Akiniambia sijui, tutauliza. Akiniambia nimekosea, tutafungua tutengeneze. Lakini akiniambia ndiyo na si kweli, nitawasha, na nitaharibu kwa mkono wangu mwenyewe kitu ninachokipenda. Na si gerejini tu. Watu wote tunaishi kwa kuambiana ya ndani. Msikilize mtu mpaka amalize, na ukiulizwa, sema lililo kweli hata likikuchelewesha."

Cheche aliitikia, safari hii baada ya Mama kumaliza. Akafunga boneti, akaingia nyuma, akaupiga mlango nyonga.

Mlimani gari lilipanda bila kukohoa, mshale wa joto ukiwa umetulia. Njia nzima Babu alikuwa ameweka kiganja juu ya dashibodi, akisikiliza. Nyumba ya dada yake ilipoonekana, bibi alikuwa ameketi mlangoni na fimbo yake, na Babu akaanza kufungua mlango gari likiwa bado halijasimama.